Jina Lililo Juu ya Bahasha: Je, Ni Adabu Tu au Ni Haki?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika kikao kimoja cha darasa letu ndugu mmoja aliuliza suala ambalo baadhi yetu walilicheka. Aliuliza: mtu anapoandika bahasha ya kadi ya harusi, je, ni sawa kuandika "Bwana Fulani na Mkewe", na jina la mke kuliacha? Waliocheka waliona kuwa hilo ni jambo la karani na kalamu yake, wala dini haihusiki nalo. Mimi sikucheka, kwa sababu bahasha ya namna hiyo nimepata kuiandika kwa mkono wangu, na madhara yake nimeyaona kwa macho yangu. Wenzangu wakanitaka niyaandike niliyoyasema siku ile, ili na wale ambao hawakuwapo wayapime.

Nilipokuwa nikimwoza binti yangu, niliketi usiku mmoja na orodha ya watu na rundo la bahasha. Nikaandika mbio mbio: Bwana Fulani na Mkewe, Bwana Fulani na Mkewe, mpaka orodha ikaisha. Miongoni mwa hao alikuwamo jirani yetu wa zamani, mtu mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake. Kadi yake ilikwenda pamoja na nyingine, imeandikwa kama nyingine: na Mkewe. Siku ya harusi alikuja mke mdogo. Mke mkubwa, ambaye ndiye aliyembeba binti yangu mgongoni katika miezi ile mamake alipokuwa mgonjwa, hakuonekana.

Baada ya siku chache nilikwenda kumjulia hali, nikidhani ameshikwa na maradhi. Nilimkuta mzima. Akanipa kahawa, akaniuliza habari za maharusi, akawaombea dua. Kisha akaniambia kwa upole: "Ndugu yangu, pilau haikuniuma, pilau huliwa siku nyingi. Lililoniuma ni kumwona mume wangu amesimama mlangoni pangu na kadi mkononi, asijue la kuniambia." Kadi yangu ilimlazimisha mtu yule achague baina ya wake zake wawili, naye hakuwa ameomba kuchagua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, mama yule nilimkosea adabu tu, au nilimdhulumu? Maana hayo ni mambo mawili mbalimbali. Aliyekosa adabu huomba radhi, watu wakacheka, yakaisha. Aliyedhulumu ana deni, na deni halifutwi kwa kicheko. Nami rai yangu ni kuwa jina lililo juu ya bahasha ni haki ya mwenye jina, na hoja zangu ni hizi.

Kwanza tukubali lililo kweli. Hapana mtu mwenye haki ya kualikwa katika kila harusi ya mji. Mwenye karamu ana mali yake na nyumba yake, na uwezo wake anaujua mwenyewe. Lakini mwaliko ukisha kutoka, mambo hubadilika. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa kuitikia mwaliko wa walima ya ndoa ni wajibu juu ya aliyealikwa, maadamu hana udhuru. Na wanazuoni wameuwekea wajibu huo masharti. Mwaliko uwe umemkusudia mtu mwenyewe. Usiwe umewahusu matajiri peke yao. Usiwe umetolewa kwa kumwogopa mtu au kwa kutamani cheo chake. Na pasiwe na maovu ambayo hawezi kuyaondoa.

Litazameni vyema sharti la kwanza. Mtu akitangaza kuwa mlango wake u wazi kwa kila atakaye, hapana hata mmoja anayelazimika kwenda. Wajibu huja pale mtu anapokusudiwa yeye hasa. Kwa hivyo kalamu inapoandika jina juu ya bahasha haiandiki pambo. Yaweka wajibu shingoni mwa mtu. Na asiyetajwa hana wajibu, wala hana idhini. Sasa tuuliheni: "na Mkewe", kwa mtu mwenye wake wawili, imemkusudia nani? Kila mmoja wa wanawake wale ameachwa mahali pasipojulikana. Akiketi nyumbani, hajui kama ameacha wajibu. Akienda, hajui kama amejialika. Na aliyewaweka katika dhiki hiyo ni mimi, kwa uvivu wa kuandika majina mawili.

Pili, tuitazame Sunna. Katika Sahihi ya Muslim, Anas bin Malik (radhi za Allah zimshukie) asimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa na jirani Mfursi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi. Siku moja alipika, akaja kumwalika. Mtume akamwonyesha Bibi Aisha, akauliza kama na huyu naye amealikwa. Yule jirani akasema la. Mtume naye akasema la, hendi. Jirani akarudi mara ya pili, ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu akakubali kuwa na Bibi Aisha amealikwa, ndipo wote wawili wakainuka wakaenda. Wanazuoni wameeleza kuwa mwaliko ule haukuwa wa walima ya ndoa, na kwa hivyo kuukataa kulikuwa na nafasi. Lakini tazameni namna jambo lilivyokwenda. Mtume hakumchukua mkewe kimya kimya akamtia katika nyumba ya watu. Wala hakwenda peke yake akamwacha ajiulize. Aliuliza waziwazi, na jirani akajibu waziwazi, na hapana aliyeachwa akikisia.

Upande wa pili wa mizani uko katika hadithi ya Abu Mas'ud, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Sahaba mmoja wa Kiansari aitwaye Abu Shu'aib alikuwa na mtumwa muuza nyama. Akamwamuru atengeneze chakula cha watu watano, akamwalika Mtume pamoja na wanne wengine. Njiani mtu wa sita akawafuata. Walipofika mlangoni Mtume alimweleza mwenye nyumba kuwa mtu huyu amewafuata, akitaka amruhusu, na asipotaka mtu atarudi. Abu Shu'aib akamruhusu.

Hadithi mbili hizi zikiwekwa pamoja zatupa kanuni kamili. Mwenye karamu ana haki ya kuhesabu watu wake, hata wakiwa watano tu, wala si aibu kwake. Mgeni ana haki ya kujua ni nani aliyehesabiwa. Asiyehesabiwa haingii ila kwa idhini. Na shaka huondolewa kwa kusema, haiachiwi mgeni aibebe mpaka mlangoni.

Tatu, tuangalie walima ya Mtume mwenyewe alipomwoa Bibi Zainab binti Jahsh. Anas, aliyekuwa kijana mtumishi wake, asimulia kuwa mamake, Ummu Sulaim, alimpa chakula akipeleke. Mtume akamtuma Anas awaite fulani na fulani, akawataja kwa majina, kisha akaongeza na kila atakayekutana naye. Wakaja watu wapatao 300. Aliowataka hasa aliwataja. Aliowataka kwa jumla aliwaruhusu kwa jumla. Sisi leo tumezichanganya njia hizi mbili: twaandika "wewe na familia yako" kwa ukarimu wa wino, na siku ya siku twamweka kijana mlangoni awahesabu watoto na kuwarudisha. Huo si ukarimu. Ni ahadi iliyoandikwa na mkono mmoja ikavunjwa na mkono wa pili.

Nne, jina lenyewe. Mila hii ya "Bwana na Bibi Fulani", ambayo humwita mke kwa jina la mumewe, wengi wetu twaiona kuwa ni heshima ya zamani. Si ya zamani kwetu. Yatokana na desturi za Waingereza, nayo kwao ina mizizi katika sheria. Kwa sheria yao ya kale mwanamke akiolewa nafsi yake mbele ya sheria ilihesabiwa kuwa imeingia ndani ya ile ya mumewe, na mali yake nyingi ikawa mikononi mwa mume. Ndipo Bunge lao likapitisha sheria za mwaka 1870 na 1882, kumrudishia mke haki ya kumiliki chake. Jina lilifuata mali: aliyepoteza mali alipoteza na jina.

Katika Sharia yetu mambo hayakuwa hivyo kabisa. Mwanamke huolewa na mahari yakawa yake. Nyumba yake ni yake, shamba lake ni lake, anaweza kuuza na kuweka wakfu, na nasaba yake haibadiliki. Katika Suratul Ahzab, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ameamrisha watu waitwe kwa baba zao. Twajua kuwa aya hiyo ilishuka kwa habari ya watoto wa kulea, naye Zaid bin Haritha akarudishiwa jina la babake; lakini hekima yake ni pana, nayo ni kuwa mtu asivuliwe nasaba yake kwa sababu anaishi katika nyumba ya mwingine. Na mwambao wetu uliijua hekima hiyo. Yule bibi wa Pate aliyetunga utendi mashuhuri wa mwaka 1858 alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mtu mwenye jina kubwa. Hata hivyo dunia yamjua kuwa ni Mwana Kupona binti Mshamu. Hakuna aliyeona kuwa kumtaja hivyo ni kumvunjia mumewe heshima.

Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyeanza kutoa gazeti lake la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwaonya watu wetu juu ya kuiga mageni bila ya kuchagua. Haya ya bahasha ni katika hayo. Waingereza wenyewe wengi wao siku hizi wameiacha desturi hiyo na kumwandika kila mtu kwa jina lake, nasi twaishikilia tukidhani ni ustaarabu.

Hapa nitaulizwa: je, haya na wivu wa kiume umeviweka wapi? Jina la mke wa mtu lisomwe na kila mkono unaobeba kadi? Hoja hii siidharau, kwa sababu waisemao wana nia njema. Lakini tuipime kwa mwenye haya kuliko sisi sote. Mtume alipokuwa katika itikafu msikitini, Bibi Safia alikuja kumzuru usiku, naye akatoka kumsindikiza. Wakapita Waansari wawili, wakaharakisha. Mtume akawasimamisha, akawaeleza kuwa huyu aliye naye ni Safia binti Huyay. Alimtaja kwa jina lake na jina la babake, mbele ya wanaume, usiku, tena kwa ajili ya kuondoa shaka katika nyoyo zao. Na Amr bin al-As alipomuuliza ni nani ampendaye zaidi katika watu, alijibu kwa kumtaja Aisha. Hadithi zote mbili zimo katika Bukhari na Muslim. Basi aonaye aibu kulitaja jina ambalo babake mtu alimwita siku ya akika na ajiulize aibu hiyo ameirithi kwa nani.

Hata hivyo, nyumba nyingine huona uzito, na kuwalazimisha watu si adabu. Njia ya kati ipo: kuniya. Wake wa masahaba waliitwa Ummu Salama, Ummu Sulaim, nasi twasema Mama Fulani. Hilo ni jina kamili la mtu mmoja anayejulikana. Lisilofaa ni neno lisilo na mtu ndani yake.

Sasa niyataje mambo yanayotupata katika kuandika, moja moja.

Mwenye wake zaidi ya mmoja: kila mke apelekewe kadi yake, nyumbani kwake, kwa jina lake. Sharia imempa kila mmoja nyumba yake. Basi na kadi ifike mlango wake. Asitiwe mume katika mtihani wa kuchagua. Mtume (S.A.W.), aliyekuwa mwadilifu kuliko wote, alipotaka kusafiri na mmoja wa wake zake alipiga kura baina yao, wala hakufuata matamanio. Ikiwa yeye alijihadhari hivyo, itakuwaje mgeni wa mbali alete karatasi itakayowapambanua wanawake wawili na kumwachia mume lawama? Na kama nafasi haitoshi kwa wote wawili, mwalike mume peke yake katika nikaha ya msikitini, umweleze wazi.

Mjane: aitwe kwa jina lake. Mume wake yu katika rehema ya Mola, na kadi isiyo na neno ila "mke wa marehemu" humkumbusha kila mara kuwa watu walimjua mumewe, yeye hawakumjua. Aliyeachwa: ulizeni kwanza. Nimesikia kadi iliyofika "na Mkewe" kwa mtu ambaye mkewe alikwisha maliza eda. Mwalikaji hakukusudia ubaya, lakini kutojua habari za jirani yako mpaka ukamjeruhi ni ubaya wa namna yake.

Wachumba: ndugu zetu wa Nairobi na miji mingine hupokea kadi za kazini zilizoandikwa "wewe na mwenzio". Wenzetu wasiokuwa wa dini yetu huandika hivyo kwa nia njema, nasi tuzipokee kwa nia njema. Lakini tunapoandika sisi, tusiandike "mwenzio". Kijana na mchumba wake bado ni ajinabi mpaka nikaha. Ukiwataka wote wawili, mpelekee kila mmoja kadi yake nyumbani kwao. Vivyo hivyo kwa jirani ambaye ndoa yake huijui: muulize jina la mkewe, wala usimpeleleze. Kadi si hati ya ushahidi. Haikupewa kazi ya kuthibitisha wala kukanusha ndoa za watu.

Tena yako mambo mawili ambayo watu huyatoa kuwa udhuru. La kwanza ni gharama: majina mengi yataka kadi nyingi. Jawabu ni kuwa haikuamrishwa kadi wala maji ya dhahabu. Mama zetu walikwenda mlango kwa mlango, wakapiga hodi, wakamwalika kila mwanamke kwa jina lake, na mwaliko wao haukuwa na shaka hata kidogo. Siku hizi twatuma kwa simu picha moja isiyo na jina kwa watu mia tatu, kisha twashangaa nusu yao hawakuja. Ongeza mstari mmoja tu wenye jina la mtu; haugharimu kitu. Na Mtume ametuonya kuwa chakula kilicho kiovu ni cha walima wanayoitiwa matajiri na kuachwa maskini. Atakayepunguza dhahabu ya kadi ataona nafasi ya kuyaongeza majina.

Udhuru wa pili ni kuwa wanawake wamefungamana na waume zao, na ukimwalika mume umekwisha mwalika mke. Bukhari ametueleza kuwa Mtume aliwaona wanawake na watoto wa Kiansari wakirudi kutoka harusini, akasimama kwa furaha, akawaambia kuwa wao ni katika watu awapendao mno. Hakuwasalimu kama kivuli cha waume zao. Na harusi zetu za mwambao zina upande wa wanawake ambao mume haingii wala hajui kinachopita. Mwaliko wa upande huo utampitiaje mtu asiyekanyaga huko?

Sasa nirudi kwa yule mama. Darasani ndugu mmoja alinipinga kwa hoja nzuri. Alisema kuwa dhulma yahitaji kusudi, nami sikukusudia. Nimeifikiri hoja hiyo siku nyingi. Ni kweli kuwa sikumkusudia ubaya. Lakini hilo ndilo kosa lenyewe: sikumkusudia kabisa. Niliandika neno moja kwa ajili ya nyumba mbili, na katika neno hilo yeye hakuwamo. Mtu akivunja chombo cha mwenzake kwa kusahau, dhambi huenda ikasamehewa, lakini chombo hulipwa. Nami kwa hivyo nilirudi kwake, nikamwambia wazi kuwa nilikosa, na mumewe akiwapo, ili ajue kuwa lile halikutoka kwake. Mwanangu wa pili alipooa, kadi ya kwanza niliyoiandika ilikuwa yake, kwa jina lake na la babake. Alikuja. Aliketi mbele.

Enyi ndugu, mkiketi usiku na orodha zenu, msione uzito kusimama mbele ya kila jina na kujiuliza: mtu huyu ni nani, anaishi na nani, na nani nimtakaye hasa? Mkiandika, mwandikeni mtu. Na msipoweza kumwalika, msimwandike kwa fumbo. Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie karamu zetu kuwa za baraka, azitie nyoyo zetu uadilifu katika mambo makubwa na madogo, na asituandike miongoni mwa waliosahauliwa Siku ambayo kila mtu ataitwa. Amin.